Duka la Pikipiki Limepata Mmiliki Mpya: Urudi, au Upande Treni Uende Kariakoo?

Maneno "Chini ya uongozi mpya" tumezoea kuyaona kwenye mabango ya baa. Baa ikibadilisha mwenyewe, kujaribu hakugharimu sana: bia moja ya moto, kuku mkavu, kesho unahamia kwa jirani. Duka la pikipiki ni habari nyingine kabisa. Hapo unaweka mezani zaidi ya shilingi milioni tatu, na kwa dereva wa bodaboda hiyo ndiyo kodi ya nyumba, ada ya watoto na mboga ya jioni.

Suala hili limekuja hapa Morogoro baada ya duka moja, ambalo madereva wa Msamvu walikuwa wamelisusa, kupata mwenyewe mpya. Jina silitaji. Aliyeliharibu ameshaondoka, na aliyeingia bado hajafanya la kusifiwa wala la kulaumiwa. Malalamiko ya enzi zile yanajulikana kila kijiwe. Mtu alilipa taslimu halafu akaimbiwa wimbo wa kadi na namba: mfumo unasumbua, njoo Ijumaa, na Ijumaa ikifika bosi yuko safarini. Spea za kawaida zilikosekana wiki nzima. Waranti nayo ilikuwa karatasi nzuri yenye muhuri, ila kila ukiipeleka unaambiwa kifaa kilichokufa hakimo, au pikipiki umeitumia vibaya.

Sasa ukuta umepakwa rangi, spika iko mlangoni tangu saa tatu asubuhi, na vijana waliovaa fulana mpya wanagawa vipeperushi stendi. Je, urudi?

Wengi wanalijibu swali hili kwa kulinganisha bei ya pikipiki, nami naona hapo ndipo hesabu inapopotea. Tuifanye kwa namba. Namba zenyewe ni za mfano, ukikaa na kalamu weka za kwako. Tuseme duka la hapa linauza pikipiki ya kazi, ya aina ya Boxer BM 150, kwa 3,300,000 pamoja na usajili, na Kariakoo ileile unaipata kwa 3,150,000. Umeokoa 150,000, ndivyo unavyoambiwa kijiweni.

Haya, toa gharama. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 13,000. Kwenda na kurudi ni 26,000. Kuipakia pikipiki kwenye lori, pamoja na wapakiaji ambao kila mmoja ana bei yake, weka 50,000. Chakula na usafiri wa mjini 20,000. Kadi ikiwa haijatoka siku ile, na mara nyingi haitoki siku ile, unarudi tena: 26,000 nyingine na 10,000 ya kula. Jumla ni 132,000. Kilichobaki kwenye akiba yako ni 18,000. Na kama una pikipiki ya zamani unayoiendesha kwa hesabu, umeilaza siku mbili. Tajiri anadai 10,000 yake kwa siku, na wewe ulikuwa na 15,000 yako. Siku mbili ni 50,000. Safari ya kuokoa imekula hasara ya 32,000.

Wapo wanaokwepa lori kwa kuiendesha wenyewe kutoka Dar. Siwashauri. Injini mpya inatakiwa isilazimishwe kilomita za mwanzo, na hiyo ni barabara ya karibu kilomita 200 yenye malori na mabasi yanayokuhimiza ukimbie au uingie porini. Bila namba, bado hujamalizana na trafiki wa Chalinze.

Kwa hiyo bei pekee haiwezi kukupeleka Kariakoo. Kinachoweza kukupeleka ni siku za kulala. Pikipiki ya kazi ikisimama gereji wiki mbili, yaani siku 12 za kazi, kwa hesabu yetu ileile ya 25,000 kwa siku, umepoteza 300,000. Hiyo ni mara mbili ya tofauti ya bei iliyokufanya ukate tiketi. Duka baya la pikipiki humla mteja hapo. Bei yake inaweza kuwa ya kawaida kabisa, lakini linamlaza. Na duka lililobadilisha mmiliki lipimwe kwa kipimo hichohicho: pikipiki ikiharibika, inalala siku ngapi?

Kumbuka kwamba waranti ya duka ina mshindani asiyesemwa kwenye vipeperushi, nalo ni basi la jioni. Fundi yeyote mwenye akili hapa mjini ana namba ya simu ya muuza spea Kariakoo. Anapiga, anatuma pesa kwa simu, mzigo unakabidhiwa kwa kondakta, na asubuhi kifaa kiko stendi. Unalipa spea na nauli ya mzigo, kazi imeisha. Ukikubali fundi huyo afungue injini, wakala anaweza kukuambia waranti imekufa, na kwenye masharti mengi ana haki ya kusema hivyo. Lakini waranti inayokulaza siku 12 ili ikupe bure kifaa cha 60,000 imekugharimu 240,000 zaidi ya kukinunua. Waranti ina thamani pale tu inapofanya kazi kwa kasi inayokaribia ya basi.

Hili linatuleta kwa mmiliki mpya, na kwenye swali ambalo vijana wa fulana hawana jibu lake: alinunua nini hasa? Kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyenunua kampuni na mtu aliyenunua fremu, rafu na mzigo uliobaki. Aliyenunua kampuni amenunua na madeni yake. Kampuni ni ileile mbele ya sheria hata hisa zikihamia mikononi mwa mtu mwingine, na waranti iliyotolewa mwaka jana bado ni deni lake. Aliyenunua mali tu, au aliyechukua pango la jengo na kuning'iniza bango jipya, hadaiwi na wewe chochote kwa ahadi za mtangulizi wake, labda awe amezikubali mwenyewe kwa maandishi. Na kama duka la zamani lilikuwa jina la biashara tu, si kampuni, basi deni limebaki kwa yule aliyelimiliki, popote alipo.

Huhitaji wakili kujua uko upande gani. Tafuta risiti ya EFD ya zamani, ile uliyopewa uliponunua pikipiki au hata oili. Juu yake kuna jina la muuzaji na TIN. Nenda kanunue kitu kidogo leo, omba risiti, uziweke pamoja. Kampuni iliyouzwa hisa tu hubaki na TIN yake. TIN ikiwa tofauti, unashughulika na mtu mwingine, na karatasi yako ya waranti ya zamani kwake ni kumbukumbu tu. Ukitaka uhakika zaidi, kumbukumbu za usajili wa kampuni na majina ya biashara ziko BRELA na unaweza kuzitafuta. Risiti zenyewe ziangalie mapema: karatasi ile hufifia, na ukiiacha chini ya kiti cha pikipiki miezi sita unabaki na kipande cheupe. Ipige picha siku unayopewa.

Mfano mkubwa wa jambo hili umetokea Uingereza, na unatugusa kwa sababu mnunuzi ni jina tunalolipanda kila siku. Norton, kampuni ya pikipiki ya tangu karne ya 19, iliwekwa chini ya wasimamizi wa ufilisi Januari 2020 ikiwa na madeni na wateja waliolipia pikipiki wasizopata. Aprili mwaka huohuo TVS ya India, hawahawa wa HLX inayobeba abiria Kihonda na Mazimbu, wakainunua kwa pauni milioni 16. Walichonunua ni jina, michoro na mali, si kampuni ya zamani pamoja na madeni yake. Mteja aliyekuwa ametanguliza pesa kisheria alibaki akiidai kampuni iliyokufa. Lakini kuna la pili ambalo nalipenda zaidi. Mwaka 2021 Norton mpya ilizikagua pikipiki za V4SS zilizotengenezwa enzi za wamiliki wa zamani, ikakuta kasoro zaidi ya 30, ikawatangazia wenye pikipiki hizo wasiziendeshe. Haikuwa yenyewe iliyoziunda. Ingeweza kunyamaza ikauza toleo jipya.

Ndiyo dalili ninayoitafuta hata kwa mwenye duka wa mkoani. Muulize kuhusu enzi zilizopita. Akikujibu "hayo yalikuwa ya yule, mimi siyajui", amesema kweli kisheria, lakini amekuonyesha pia kuwa hajafungua daftari la malalamiko alilorithi. Mwenye nia ya kufanya biashara hapa miaka kumi atakuwa anazijua lawama hizo kuliko wewe, kwa sababu alipokuwa akipatana bei ya kununua alizitumia kuishusha.

Usiishie kwenye maneno. Pita kaunta ya mbele, ile yenye pikipiki zinazong'aa, uende dirisha la spea. Ulizia vitu vitano ambavyo bodaboda yeyote anabadilisha: waya wa klachi, breki shuu za nyuma, seti ya cheni na spoketi, kichujio cha hewa, sahani za klachi. Usiulize kama vipo. Sema unataka kuviona. Duka lenye mtaji linakuwekea mezani dakika ileile, bei iko kwenye orodha, na bei hiyo haibadiliki kwa sababu umevaa koti la kazi au shati la ofisini. Duka lisilo na mtaji lina mazungumzo mengi:

"Bosi, waya wa klachi upo?"

"Upo, kaka, ila uko stoo ya Dar. Acha namba yako tukupigie."

Stoo ya Dar ndiyo Kariakoo. Hapo umepata basi lilelile la jioni, umeongezewa mtu wa katikati.

Kisha zunguka nyuma gereji. Pikipiki za wateja zinazosubiri zitakuambia ukweli wote. Vumbi kwenye tangi likiwa jembamba, imekuja jana au juzi. Ikiwa imefunikwa kiasi cha mtu kuandika jina lake kwa kidole, gurudumu la mbele limelala na waya zimening'inia bila taa, hiyo imesahauliwa, na mwenyewe yuko mahali anahesabu siku. Zihesabu na wewe. Moja ni bahati mbaya. Zikifika nne, ukuta umepakwa rangi na gereji ni ileile.

Kuhusu mafundi nina maoni yanayopingana na ya kijiweni. Kijiweni wanasema mmiliki mpya awafukuze wote aanze upya. Mimi nikikuta fundi mkuu wa zamani bado yupo, napata moyo. Kwenye maduka ya namna hii fundi huwa hana makosa makubwa. Kosa lilikuwa la bosi aliyekataa kununua spea, akamwacha kijana afunge kifaa cha pikipiki moja kwenye nyingine ili mteja aliyepiga kelele zaidi aondoke. Fundi aliyefungua injini za aina moja kwa miaka anaisikia valvu iliyolegea kabla hujazima. Anachohitaji ni kabati lenye vifaa. Kama wameondoka wote, nenda uwaulize walipo sasa, kwa kawaida hawako mbali, na usikilize kwa nini waliondoka. Wakikuambia mishahara ya mwisho haikulipwa hadi leo, umejua mengi kuhusu namna duka lilivyobadilisha mikono.

Barua ya uwakala nayo iombe. Mwakilishi wa nchi wa chapa fulani humpa wakala wa mkoani idhini kwa jina lake. Mmiliki akibadilika, idhini haihami yenyewe kama bili ya maji. Duka linaweza kubaki na bango kubwa la chapa mlangoni kwa miezi huku aliyepewa uwakala hayupo tena. Duka la namna hiyo linaweza kukuuzia pikipiki halali, ila dai lako la waranti litakwama njiani, maana hakuna wa kulipokea huko juu. Simu moja kwa mwakilishi wa nchi, ukitaja jina la duka na mji, inamaliza ubishi.

Sasa namna ya kutoa hiyo nafasi ya pili. Mimi natoa kwa vipande. Kwanza oili. Lita moja haizidi bei ya sahani mbili za chipsi kuku, na inakuonyesha kama chupa imefungwa, kama risiti inatoka bila kuombwa mara mbili, kama kijana anajua oili ipi inaingia kwenye injini ipi. Wiki inayofuata peleka sevisi ya kawaida, asubuhi, useme unaihitaji saa saba mchana. Saa saba ndiyo mtihani wenyewe. Baadaye leta kazi yenye spea, kama cheni na spoketi, uombe ulichofunguliwa urudishiwe mkononi. Duka likifaulu hapo, ndipo uongee habari ya pikipiki mpya. Yote haya hayajafika laki moja, na ungeyatumia hata kwingine.

Ukinunua, usimalize malipo kabla ya kuona kadi yenye jina lako. Wakikataa, na wengi watakataa, andikeni tarehe ya kadi kwenye hati ya mauzo pamoja na kitakachotokea ikipita. Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani: Sheria ya Mauzo ya Bidhaa inadai kitu kilichouzwa kifae kwa kazi yake, na Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, inapokea malalamiko ya walaji. Lakini hakuna ofisi itakayokusikiliza vizuri bila risiti.

Mkataba unataka maneno ya ziada, kwa sababu wamiliki wapya wanapenda kuuza kwa mkataba ili wajaze mji pikipiki zao haraka. Tuseme kianzio ni 600,000, kisha 75,000 kila wiki kwa wiki 52. Marejesho ni 3,900,000, ukijumlisha kianzio 4,500,000. Umelipa 1,200,000 zaidi ya bei ya taslimu. Ghali? Ndiyo. Hata hivyo kuna jambo linalosahauliwa: duka linalokudai lina sababu ya kutaka pikipiki yako itembee. Ikilala, marejesho yanalala. Nimeona maduka ambayo mteja wa taslimu anasubiri wiki na mteja wa mkataba anahudumiwa kabla ya chai. Kwa duka linalojaribu kurudisha jina, hilo ni kinga ya kweli, na kwa dereva asiye na milioni tatu mkononi linaweza kupunguza uchungu wa ile milioni na laki mbili. Hatari iko kwingine. Kadi inabaki kwa jina la duka mpaka umalize. Duka lililouzwa mara moja linaweza kuuzwa tena ukiwa wiki ya 40, na mnunuzi akadai hakuna daftari linalokutambua. Lipa kwa njia inayoacha kumbukumbu, benki au simu, kwa namba ya biashara na si ya meneja, na mkataba useme wazi kwamba atakayelinunua duka anafungwa na malipo uliyokwisha kufanya.

Pikipiki ya mkononi sitaikalia. Ni rahisi kwa karibu nusu ya bei na inafaa kwa anayejua kusikiliza injini, mradi jina la kwenye kadi ni la mtu aliyesimama mbele yako. Kama ni la "shemeji yangu yuko Mwanza", mwache shemeji aje.

Imebaki habari ya wale wenye kinyongo cha zamani, waliolipia matengenezo yasiyofanyika au waliorudishwa na waranti ikiwa bado hai. TIN ikiwa ileile, daini kama deni, kwa barua na nakala ya risiti. TIN ikiwa mpya, hamna deni, lakini mna kitu mmiliki mpya anakihitaji: vijiwe vyenu. Msimuombe pesa, hatawapa, na kusema kweli si zake za kulipa. Muombeni ufundi. Aseme kwamba kwa mwezi mmoja kila mwenye karatasi ya waranti ya zamani analeta pikipiki, analipa spea tu, na kazi ya fundi ni bure. Kwake ni saa chache za vijana ambao mshahara wao analipa hata gereji ikiwa tupu. Kwako, kwenye kazi ya kubadilisha sahani za klachi, ni nusu ya bili. Mwenye duka aliyeambiwa hivyo na viongozi wa kijiwe akajibu kwamba ataangalia faida kwanza, ameshaiangalia. Nendeni na namba ya fundi mwenye simu ya Kariakoo.